Fazi uliyojitengenezea inalia vibaya? Anza na sikio, kisha shika mita

Fazi, yaani pedali ya gitaa inayoichana sauti kwa makusudi, ina tabu ambayo pedali nyingine hazina. Pedali ya mwangwi ikianza kukwaruza, unajua papo hapo kuwa kuna kitu kimeharibika. Fazi kazi yake ni kukwaruza. Hata asili yake ni ubovu: huko Nashville, Marekani, meza ya kurekodia iliharibika studioni, gitaa la besi likatoka na sauti iliyochanika, na fundi sauti Glenn Snoddy akaja kubuni sakiti ya kuitoa sauti ile kwa makusudi. Mwaka 1962 ikaingia madukani kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na fazi mbovu mwaka mzima akidhani ndivyo ilivyo, na mwingine akaihangaikia fazi nzima kwa sababu inakwaruza.

Hapa nazungumzia sakiti moja, ile ya Fuzz Face iliyotoka Uingereza mwaka 1966, kwa sababu wengi huanza nayo na vipande vyake ni kumi na kimoja tu. Ichore kwenye karatasi uiweke mezani. Gitaa linaingia kupitia kapasita ya maikrofaradi 2.2 hadi beisi ya transista ya kwanza (miguu mitatu ya transista ni beisi, kolekta na emita). Emita yake iko ardhini, yaani kwenye waya wa pamoja wa sakiti. Kolekta yake inapata umeme kupitia rezista ya kilo-omu 33 (tuandike 33k), na imefungwa moja kwa moja na beisi ya transista ya pili. Kolekta ya transista ya pili inapata umeme kupitia rezista mbili zinazofuatana, 8.2k kisha 470, na kati ya hizo mbili ndipo sauti inapochukuliwa kupitia kapasita ya maikrofaradi 0.01 kwenda kwenye kinobu cha sauti cha 500k. Emita ya pili inashuka ardhini kupitia kinobu cha fazi cha 1k, ambacho mguu wake wa kati una kapasita ya maikrofaradi 22 inayokwenda ardhini. Mwisho kuna rezista ya 100k inayorudi kutoka emita ya pili hadi beisi ya kwanza. Basi. Maelezo yangu ni ya transista za silikoni aina ya NPN, betri ya volti 9, upande hasi ukiwa ardhi.

Kwanza, umechomeka wapi?

Kijana mmoja mpiga gitaa wa kwaya alinijia na fazi aliyoijenga ndani ya kopo la biskuti. Kazi safi, nyaya zimepangwa, kila mguu umekatwa vizuri.

“Shikamoo fundi. Hii kitu inalia kama nyuki ndani ya chupa.”

“Marahaba. Kanisani unachomeka kwenye nini?”

“Kwenye miksa, moja kwa moja.”

Jibu lilikuwa hapo, kopo halijafunguliwa. Spika ya ampu (amplifaya) ya gitaa haitoi sauti nyingi za juu kupita takriban hezi 5,000. Inaficha makali ya fazi, na waliobuni fazi walikuwa wakiisikiliza kupitia spika za namna hiyo. Spika za kanisani zina twita, spika ndogo za sauti za juu, zinazofika hezi 15,000 na kupita, kwa hiyo kila kijiwimbi kilichochanika kinakufikia sikioni. Nilimchomekea kwenye ampu yangu ndogo ya gitaa, akapiga noti tatu, akanyamaza akiitazama.

Kama huna ampu na miksa ndiyo njia pekee, punguza trebo ya chaneli yako kwa kiasi kikubwa kuliko unavyodhani inafaa. Dawa ya kudumu zaidi ni kulehemu kapasita ya maikrofaradi 0.068 sambamba na ile rezista ya 470. Hesabu yake inaangukia karibu hezi 5,000, sauti za juu ya hapo zinaanza kushuka. Haitakupa ampu, ila nyuki wanapungua.

Angalia pia kilichoko mbele ya fazi. Sakiti hii inataka kuonana na gitaa uso kwa uso. Ukiweka kati yao pedali yenye bufa (sakiti ndogo inayoimarisha ishara ya gitaa kabla ya kuipitisha mbele), au kifaa cha kupeleka sauti bila waya, au ukatumia gitaa lenye betri ndani, fazi inakuwa kali na nyembamba, na ukipunguza volyumu ya gitaa haitulii kama inavyotakiwa. Kama pedali ni nzuri ikiwa peke yake na mbaya ikiwa kwenye msururu, isogeze iwe ya kwanza. Usiifungue.

Haitoi kitu kabisa

Bonyeza swichi ya mguu. Kama gitaa halisikiki hata pedali ikiwa imezimwa, sakiti haina kosa. Tatizo liko kwenye jeki au swichi. Swichi yenye miguu tisa inawapotosha wengi kwa sababu ukiizungusha robo duara inaonekana vilevile, kumbe safu zimebadilika. Pima kwa mita iliyowekwa kwenye mlio: mguu wa kati wa kila safu lazima ushikane na wa upande mmoja tu, na ukibonyeza uhamie upande wa pili. Kama hakuna kinachoshikana baada ya kulehemu, huenda umeipasha moto mno plastiki ya ndani ikalegea. Hiyo haitengenezeki, nunua nyingine, na safari hii usiweke chuma cha kulehemu kwenye mguu kupita sekunde tatu.

Gitaa linasikika pedali ikiwa imezimwa, lakini ukiiwasha ni kimya? Sasa tafuta umeme. Pedali za gitaa kwa desturi zinatumia adapta yenye hasi katikati ya tundu. Adapta nyingi za nyumbani, za ruta na redio, zina chanya katikati. Usiamini mchoro uliobandikwa, pima. Kama umeme umeingia kinyume, kapasita za maikrofaradi 2.2 na 22 zinaweza kuwa zimekufa hata kama hazikutoa moshi. Zibadilishe zote mbili, ni za bei ndogo.

Kama unatumia betri, kumbuka kuwa hasi yake kwa kawaida inapitia jeki ya kuingilia yenye mabamba matatu. Hakuna plagi, hakuna umeme. Ukipima pedali ikiwa wazi mezani bila kuchomeka kebo ya gitaa, utakuta volti sifuri kila mahali na utaanza kubomoa kitu kizima. Na betri ikiisha usiku mmoja wakati hukuitumia, bamba hilo la jeki limeunganishwa mahali pasipo pake.

Volti tano zinazosema karibu kila kitu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Weka kijiti cheusi cha mita kwenye ardhi, chekundu kitembee. Betri ikiwa mpya, fazi nzima ya silikoni inasomeka hivi: beisi ya kwanza karibu volti 0.6, kolekta ya kwanza karibu 1.3, emita ya pili karibu 0.7, emita ya kwanza sifuri kamili. Ya tano ni kolekta ya pili, na hiyo ndiyo inayoamua tabia ya sauti.

Wengi wameambiwa kolekta ya pili iwe volti 4.5, nusu ya betri. Wanapima wanakuta 3, wanadhani wamekosea mahali. Hawajakosea, fuata hesabu. Emita ina volti 0.7 juu ya kinobu cha 1k, kwa hiyo inapita miliampia 0.7. Mkondo huohuo, karibu wote, unapita kwenye 8.2k pamoja na 470, jumla karibu 8.7k. Zidisha: volti 6 zinapotelea hapo, zinabaki 3. Rezista ya 8.2k ilifaa transista za jeremani (germanium, mada iliyotumika kabla ya silikoni) za sakiti ya mwanzo. Silikoni inataka jumla ya karibu 6.4k ili zibaki 4.5. Ndiyo sababu mimi naondoa 8.2k na kuweka kinobu kidogo cha ndani cha 10k, kile cha kuzungushwa na bisibisi. Naanzia katikati, nazungusha huku nikisoma mita hadi 4.5, halafu naiacha mita na kuzungusha kwa sikio. Wengine wanaipenda kwenye 5, wengine 3.5, na hapo kila mtu ana haki yake. Chini ya 2 au juu ya 7 si suala la kupenda tena.

Ukikuta kolekta ya pili ina volti 9 kamili, transista hiyo haipitishi kitu. Mara nyingi kinobu cha fazi hakijafika ardhini, au miguu ya transista imewekwa sivyo. Ukikuta volti karibu sawa na za emita yake, imejaa na kukwama: rezista ni kubwa mno. Nimewahi kukuta 82k mahali pa 8.2k. Kwenye rezista za mistari minne tofauti yake ni mstari mmoja. 8.2k ni kijivu, nyekundu, nyekundu, na 82k ni kijivu, nyekundu, rangi ya chungwa. Chini ya taa ya njano ya sebuleni rangi hizo mbili ni ndugu. Pima kila rezista kabla ya kulehemu, kwa sababu ikishaingia kwenye ubao mita inapima na majirani zake na itakudanganya.

Sauti ipo lakini ni dhaifu na haina nguvu

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na chanzo chake kwa kawaida ni transista iliyogeuzwa. Transista iliyobadilishwa emita na kolekta haifi. Inaendelea kufanya kazi, ila kwa unyonge, na ndiyo maana watu hawaishuku.

Chukua BC547 na 2N3904, zilaze kiganjani upande bapa ukikutazama, miguu chini. Zimefanana kama pacha. Lakini kutoka kushoto, BC547 ni kolekta, beisi, emita, na 2N3904 ni emita, beisi, kolekta. Ukienda Kariakoo na mchoro wa moja, muuzaji akakupa nyingine akisema ni sawa tu, anasema kweli kuhusu kazi yake lakini si kuhusu miguu yake. 2N2222 ya plastiki ni hatari zaidi, kwa kuwa ile iliyoandikwa PN na ile iliyoandikwa P2N zina mpangilio uliopinduana. Mita yenye tundu la kupimia transista inamaliza ubishi: ijaribu pande zote mbili, upande unaosoma namba kubwa, labda 200 au 300, ndio sahihi. Kinyume chake itasoma namba ndogo sana.

Ikiwa transista ziko sawa na kukwaruza ni kuzuri, ila ukiwasha pedali sauti inashuka kuliko ikiwa imezimwa, ongeza ile 470 iwe 1k au zaidi kidogo. Sauti inachukuliwa juu ya rezista hiyo, hivyo ikikua na sauti inakua. Kisha rekebisha tena kile kinobu cha ndani.

Noti inakatika, inarudi, inapotea

Noti inayotoka vizuri kisha inakatika ghafla badala ya kufifia ni volti za kolekta ya pili zimekwenda pembeni. Rudi kwenye kinobu cha ndani. Betri iliyochoka nayo hufanya hivyo, na kuna wapigaji wanaoipenda sauti hiyo, lakini ijue kwanza.

Sauti inayopotea ukigusa kasha ni jambo jingine, hiyo ni lehemu baridi. Geuza ubao kwenye mwanga wa dirisha, uuinamishe polepole. Lehemu nzuri imeshuka kama hema kutoka kwenye mguu hadi kwenye shaba, inang'aa. Ile mbovu ni ya kijivu, ya mviringo kama tone, na ukitazama kwa karibu kuna duara jembamba jeusi kuuzunguka mguu: mguu umesimama ndani ya lehemu bila kushikana nayo. Chukua kijiti cha mshikaki, mwenzako apige gitaa, wewe bonyeza kiungo kimoja baada ya kingine. Sauti ikirudi kwa mshindo, umekipata. Kipashe moto upya pamoja na lehemu mpya kidogo, maana ile dawa inayofanya lehemu ishike imeshaungua kwenye ile ya zamani. Ukimaliza, pitisha ncha ya kisu kati ya mistari ya shaba. Unywele wa lehemu unatosha kuunganisha mistari miwili na macho yasiuone.

Kuna fazi inayolia vizuri mezani na kufa ukifunga kasha. Mgongo wa chuma wa kinobu umegusa ubao. Kipande cha utepe wa plastiki kinatosha.

Kama bado hujui sauti inapotelea wapi, tengeneza sindano ya kusikilizia. Kata kebo ya zamani ya gitaa. Waya wa nje uufunge kwenye ardhi ya pedali, waya wa ndani uulehemu kwa kapasita ya maikrofaradi 0.1, na mguu huru wa kapasita ndio sindano. Kebo iende kwenye ampu iliyopunguzwa sauti. Piga gitaa na uguse sindano kwenye beisi ya kwanza, kolekta ya kwanza, kolekta ya pili, mguu wa kinobu. Utasikia gitaa likipita hatua kwa hatua, na mahali linaponyamazia ndipo pa kulehemu. Kwa sakiti hii kazi yote ni dakika kumi.

Kinobu kinachokoroma

Kabla ya kukilaumu kinobu, pima volti kwenye mguu wa kinobu cha sauti unaopokea kapasita ya kutokea. Inapaswa kuwa sifuri. Ukikuta hata nusu volti, kapasita ya 0.01 inavuja na kinobu kipya kitakoroma vilevile. Kwa kinobu cha fazi, soma kolekta ya pili huku ukikizungusha. Volti zisibadilike. Zikibadilika, kapasita ya maikrofaradi 22 inavuja au imewekwa kinyume, chanya yake iwe upande wa kinobu. Vivyo hivyo chanya ya 2.2 itazame beisi.

Mvumo

Mvumo una noti, na noti yake inakwambia unakotoka. Umeme wetu ni wa hezi 50. Bonyeza uzi mnene wa gitaa lililosawazishwa kwenye kizuio cha tatu: hiyo ni G ya hezi 98. Mvumo ukilingana nayo ni wa hezi 100, unatoka kwenye adapta isiyochuja vizuri. Weka rezista ya omu 100 kwenye waya wa chanya unaoingia, kisha kapasita ya maikrofaradi 100 kutoka hapo hadi ardhi. Sakiti inakula takriban miliampia 1 tu, kwa hiyo hutapoteza volti ya maana. Jaribio la kuthibitisha ni betri: mvumo ukiisha kwa betri, adapta ndiyo mkosaji.

Mvumo ukiwa oktavu moja chini ya G hiyo, unaokotwa hewani. Kasha la plastiki haliuzuii. Kopo la biskuti linauzuia, lakini la yule kijana lilikuwa na rangi ya kung'aa hadi ndani, na jeki zilikaa juu ya rangi bila kugusa bati. Tulikwangua duara dogo kuzunguka kila tundu, tukakaza nati, mvumo ukashuka mara moja. Mlio wa juu kama mbu ni adapta nyepesi za kisasa, na dawa yake ni ile ile ya rezista na kapasita.

Kishindo unapobonyeza swichi hakihusiani na haya. Weka rezista ya megaomu 1 kutoka waya wa kuingilia hadi ardhi, kabla ya kapasita ya 2.2.

Asubuhi nzuri, mchana mbaya

Ukiwa umetumia transista za jeremani, pengine ulizozichomoa kwenye redio ya zamani, zingatia joto. Jeremani inavuja umeme, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyovuja zaidi. Fazi uliyoirekebisha asubuhi kwenye baridi ya Mbeya haitakuwa ile ile jukwaani Dar es Salaam mwezi Februari. Hakuna kilichoungua. Irekebishe ikiwa kwenye joto itakamopigiwa, na usiiache juani. Nyingi za transista hizo ni PNP, na sakiti yake ina chanya kwenye ardhi, kwa hiyo usiiunganishe kwenye adapta moja na pedali nyingine: ardhi zao zitagongana na adapta itazimika au kuungua.

Inapokea redio

Beisi ya transista ya kwanza inaweza kugeuka kuwa redio kamili, na stesheni za mawimbi ya kati husafiri mbali zaidi usiku, kwa hiyo huenda mchana usisikie kitu. Mimi niliisikia saa tatu usiku: nimeacha kupiga, kinobu cha fazi kiko juu, na ndani ya ukimya kuna mtu anasoma taarifa ya habari kwa sauti nyembamba sana. Nilifupisha waya wa kuingilia kutoka sentimita ishirini hadi tano, sauti ikapungua lakini ikabaki. Ndipo nikalehemu kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza, miguu imekatwa mifupi inavyowezekana. Msomaji wa habari akakatika katikati ya sentensi. Nikapiga E ya chini, fazi ikajibu kama kawaida.